Dhahabu kwa Kubofya Mara Moja: Mwongozo wa Dizaina Mwenye Haraka

Mteja wa bango hasemi anataka nini; anasema anataka liwake. Ukimuuliza liwake vipi, anatoa simu na kukuonyesha bango la mkesha wa mwaka juzi: jina la mhubiri lina herufi nene zilizovimba, kingo zake za dhahabu, mwanga umezipiga juu kushoto, na nyuma yake unawaka moto ambao hakuna anayehangaika kuuzima. "Kama hivi, kijana wangu, ila zaidi." Usibabaike. Wewe uliyejifunza Photoshop juzi kwa video, ukapewa kiti kwenye stesheneri kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda, unahitaji kitu kimoja tu: staili. Iunde leo, ihifadhi, ipe kitufe chake. Kuanzia hapo kila jina litakaloletwa mbele yako, liwe la nabii, la bibi harusi, la mgombea udiwani, la saluni au la marehemu, linapakwa dhahabu kwa kubofya mara moja. Kufikiri waachie wasio na wateja.

Kabla ya kubofya, heshimu wazee. Photoshop ilitoka Februari 1990, kazi ya ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll, na kwa miaka mingi haikuwa na njia ya mkato ya kufika kwenye dhahabu. Leya zilikuja na toleo la 3 mwaka 1994. Vivuli na embosi vinavyojitengeneza vyenyewe vikaja na toleo la 5 mwaka 1998, na toleo la 6 la mwaka 2000 ndilo lililoruhusu mtu avifunge vyote pamoja na kuvihifadhi kama staili moja. Waliotangulia walikuwa wanachonga kingo za herufi kwa chaneli: wananakili, wanafifisha, wanasogeza pikseli mbili juu na mbili kushoto, wanatoa hii kwenye ile. Asubuhi nzima kwa neno moja. Kibaya zaidi, asubuhi hiyo ikiisha walikuwa wanajua kwa nini herufi inaonekana imeinuka. Wewe Mungu amekuepusha na mzigo huo.

Chagua rangi inayoitwa dhahabu

Andika jina la mteja kwa fonti nene kuliko zote ulizonazo, kisha bofya leya yake mara mbili. Litafunguka dirisha lenye orodha ndefu upande wa kushoto: beveli na embosi, stroku, kivuli cha ndani, mng'ao wa ndani, satini, rangi ya juu, gradienti, paterni, mng'ao wa nje, kivuli cha nje. Anayeanza hudhani ile ni orodha ya kuchagua. Weka tiki zote. Programu umeshailipia, au angalau aliyekupa ile flashi alisema imeshalipiwa.

Sasa rangi. Katika orodha ya rangi za kurasa za wavuti kuna moja yenye jina la dhahabu kabisa, namba yake FFD700, yaani nyekundu 255, kijani 215 na bluu sifuri. Jina lipo, namba ipo, ubishi wa nini? Imwage juu ya herufi zote. Utakachopata ni manjano ya dumu la mafuta ya kula, lile la lita 20 linalopangwa foleni bombani, na jina la nabii litakuwa limeandikwa kwa plastiki.

Hapo ndipo wanapojitokeza wajuaji. Watakwambia metali iliyosuguliwa haikai na rangi moja. Inaakisi kilichoizunguka na kukitia umanjano wake. Itazame pete kwa karibu, wanasema. Upande unaoelekea dirishani unakaribia weupe, unaoelekea gizani ni kahawia iliyokoza karibu na weusi, na manjano yenyewe ni ukanda mwembamba uliobanwa katikati. Kwa hiyo usimwage rangi moja. Panga gradienti: kahawia nzito, kahawia yenye manjano, kisha ghafla karibu nyeupe, kisha ghafla tena kahawia. Neno lao kubwa ni hilo, ghafla. Mwanga unaohama polepole kutoka giza kwenda weupe unakupa kitambaa au plastiki. Unaohama kwa kukatika unakupa chuma. Ukiwasikiliza utajikuta umekaa chini ya taa unazungusha pete ya shangazi yako, na shangazi ana mambo yake ya kufanya. Nakiri kwamba ukifanya hivyo mara moja na kuihifadhi gradienti ile peke yake, kwenye paneli ya gradienti, itakutumikia kwa miaka na hakuna atakayejua kuwa uliwahi kuwa makini. Lakini huo ni ushauri wa pembeni.

Uvimbe

Kwenye embosi chagua beveli ya ndani. Mbinu ziko tatu: ya kulainisha, patasi ngumu na patasi laini. Mwongozo huu unapendekeza ya kulainisha, kwa sababu ndiyo utakayoikuta imechaguliwa tayari, na kubadilisha kilichochaguliwa na kampuni ni utovu wa nidhamu. Herufi zitavimba bila mfupa, na mteja atasema zimependeza. Patasi ngumu ndiyo inayochonga mgongo mkali unaopita katikati ya herufi, ule unaouona kwenye maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe au shaba. Ila ukiichagua itabidi uongeze ukubwa taratibu mpaka miteremko miwili ikutane katikati, na hapo utakuwa umeanza kuitazama kazi badala ya kuimaliza.

Chini ya dirisha hilo, sehemu ya vivuli, kuna kisanduku kidogo cha kontua ya mng'ao. Ndani yake kuna mstari ulionyooka, na wengi hufanya kazi hii miaka yote bila kukigusa. Ukiubadilisha mstari ule uwe kontua yenye umbo la pete, mwanga unaacha kupanda kwa utaratibu. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na herufi iliyokuwa plastiki inageuka madini mbele ya macho yako. Hakuna kisanduku chenye kazi kubwa kuliko hicho kwenye dirisha zima, na ndiyo maana wamekichora kidogo namna ile. Usimwonyeshe dizaina wa jirani.

Baada ya hapo ni jua. Pembe ya nyuzi 120 inaleta mwanga kutoka juu kushoto, 90 unatoka utosini, na hasi 90 unatoka chini, mwanga wa kutishia watoto. Kuna tiki ya mwanga wa pamoja: ikiwepo, ukigeuza pembe kwenye leya moja, leya zote zenye tiki hiyo zinageuka pamoja nayo. Dizaina mwenye haraka hapendi kuamrishwa, kwa hiyo anaiondoa na kuipa kila leya jua lake. Jina linaangaziwa kutoka kushoto, tarehe kutoka kulia, picha ya Mtume na Mama Mchungaji ilipigwa studio na taa ya mbele, na nyuma ya yote pameongezwa ule mwako wa lenzi unaochomoza begani kwa mwimbaji mwalikwa. Bango hilo lina majua manne na hakuna muumini aliyewahi kudai arudishiwe nauli.

Kuhifadhi, na hatari ya mjomba

Staili iko tayari. Nenda kwenye paneli ya staili, bofya alama ya kuongeza. Programu itakuuliza jina, na chini ya jina patakuwa na visanduku viwili: kimoja cha kubeba athari za leya, kingine cha kubeba mipangilio ya uchanganyaji. Hivyo viwili tutavirudia tukifika kwenye kioo. Kwa sasa shughulika na jina. Programu yenyewe itapendekeza neno la jumla na namba, ukubali, na ifikapo Desemba utakuwa na miraba sitini ya manjano inayofanana, kila mmoja unafungua ndoa ya mtu mwingine. Kuna watu wa ajabu wanaoandika jina refu: "Dhahabu, herufi pikseli 300, jua kushoto." Eti linawasaidia kukumbuka staili ilipimwa juu ya herufi za ukubwa gani. Ukubwa una uhusiano gani na dhahabu?

Una uhusiano huu. Gradienti uliyoiambia ifuate leya hujinyoosha yenyewe kulingana na herufi, kwa hiyo rangi inaweza kupona. Lakini embosi, stroku na kivuli vinapimwa kwa pikseli, na pikseli haijui kama iko kwenye kadi au kwenye bango la mita sita. Staili uliyoiunda juu ya herufi zenye kimo cha pikseli 80, stroku yake pikseli 6, ipeleke kwenye herufi za pikseli 2400: stroku inabaki 6, na ile taji ya dhahabu uliyomwahidi mgombea imekuwa uzi. Mgombea hatauona, lakini mpinzani wake atafurahi.

Safari ya kurudi ndiyo yenye maafa. Chukua staili ya bango, embosi pikseli 90, stroku 40, kivuli kilichotupwa mbali, uibofye juu ya maandishi madogo ya kadi ya mchango wa harusi. Jina la bwana na bibi harusi litapita kwa neema. Lakini kule chini, pale palipoandikwa namba ya simu ya kutumia pesa, kila tarakimu itajaa dhahabu mpaka kooni. Sita itafanana na nane, nane na sifuri, sifuri na tisa. Kadi mia tatu zimegawiwa, wiki ya pili inakatika, mfuko uko pale pale, na kamati inadhani watu wamekuwa wabahili. Kisha Mjomba, mwenyekiti wa kamati, mtu mpole aliyekuwa anakuita mwanangu, anakuja stesheneri akiwa na kadi mkononi na miwani puani. Anaitikia shikamoo yako kwa mkato. Anaweka kadi mezani, anaweka kidole juu ya namba, anakuomba umsomee.

Wanaotaka kuepuka ziara hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza, wakishaibofya staili, wanakwenda kwenye menyu ya leya, sehemu ya staili, na kutumia amri ya kukuza athari: asilimia moja tu inayopandisha au kupunguza embosi, stroku na vivuli vyote kwa pamoja bila kugusa herufi. Kutoka kwenye herufi za 2400 kwenda za 80 ni kama asilimia 3, na kutoka hapo unarekebisha kwa jicho. Vilevile, ukiwa unabadilisha ukubwa wa picha nzima, kuna alama ya gia kwenye dirisha la ukubwa inayokuruhusu kuzikuza staili pamoja na picha. Pili, na hili linaumiza roho ya dizaina yeyote wa mtaani, namba ya simu wanaiacha nyeusi juu ya nyeupe. Hakuna embosi, hakuna kivuli. Ukweli ni kwamba sijawahi kuona hela ikitumwa haraka zaidi kwa sababu namba ilikuwa inang'aa.

Kioo

Kioo ni rahisi kuliko dhahabu na kinamvutia mteja wa aina nyingine: mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Kwenye paneli ya leya kuna vitelezi viwili vinavyofanana mpaka vinachukiza, opasiti na fili. Opasiti ikishuka, vyote vinafifia, herufi na madoido yake. Fili ikishuka hadi sifuri, herufi yenyewe inapotea lakini embosi, mng'ao na kivuli vinabaki vimening'inia hewani. Hicho ndicho kioo.

Sasa kihifadhi kama staili, kibofye kwenye kazi mpya, ushangae: herufi nyeusi tii, imevimba, haipitishi hata mwanga. Umelogwa? Ni kile kisanduku cha pili. Fili ni sehemu ya mipangilio ya uchanganyaji, na wewe ulihifadhi athari peke yake. Wanaoanza hufuta staili na kuianza upya mara nyingi kabla ya kugundua kuwa walikuwa wanakosa tiki moja, na mwongozo huu ulikuwa unakusudia kukuachia raha hiyo, lakini huruma imetuzidi.

Kanga kwenye herufi

Ukishachoka na madini utataka kitambaa. Wazo litakujia usiku: herufi za jina la bibi harusi zijazwe kanga. Ni wazo zuri, na hapa nasema bila kejeli kwamba ni zuri kuliko dhahabu. Tatizo ni namna linavyotekelezwa.

Njia ya haraka: chukua kanga ya mama, itandaze sakafuni, ipige picha kwa simu ukiwa umesimama juu ya kiti, fungua picha, chagua yote, nenda kwenye menyu ya kuhariri na uifanye paterni. Ipe jina. Weka tiki ya paterni kwenye staili. Tayari. Programu itaichukua picha yako nzima na kuipanga kama vigae, moja baada ya nyingine, kushoto kulia na juu chini. Na kanga nzima, kama unavyojua, si kigae. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini kidogo ya mji. Kwa hiyo utakachopata ni pindo linalokatiza katikati ya herufi, kivuli cha kiti chako kinachojirudia kila baada ya sentimita mbili, na jina la kanga lililorudiwa mara arobaini juu ya kadi ya harusi. Hapo ombea mama awe alinunua kanga yenye dua. Kama ni ile aliyoinunua mahsusi kwa ajili ya jirani yake, kijembe hicho sasa kinakwenda kwa wakwe, mara arobaini, kwenye bahasha.

Njia ya wenye subira ni kutafuta ndani ya mji kipande kidogo kinachojirudia, tuseme korosho moja na vidoti vyake, na kukikata mraba wa pikseli 600 kwa 600, bila kufifisha kingo. Kisha kwenye vichujio kuna kile cha kusogeza picha: isogeze pikseli 300 kulia na 300 chini, na uiambie kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Zile kingo nne ambazo zingekusaliti sasa zimehamia katikati, zimesimama msalaba mbele yako. Zizibe kwa stempu ya kunakili, taratibu, mpaka msalaba upotee. Hapo ndipo unafanya paterni. Kigae cha namna hiyo kinaweza kujaza herufi moja au ukuta wa jengo na hakuna atakayeona kiungo. Sehemu isiyopendeza ni kuwa kazi hii inadai uikague kanga kwa karibu, na ukishaanza kukagua kanga, utaanza kuona kwamba aliyeichora alijua zaidi kuliko wewe.

Pindo liache. Pindo lina kona, na kona hazipangiki kama vigae. Ukilitaka, lichore kama fremu ya kadi, upande kwa upande, na kona zake peke yake.

Kama huna Photoshop, au unayo lakini intaneti ikiwashwa inaanza kutetemeka, ipo GIMP, ya bure kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley huko California, Spencer Kimball na Peter Mattis. Huko kusogeza kigae kwa nusu ni kitufe kimoja, na kutengeneza paterni ni aibu kwa urahisi wake: unaweka picha yako ya PNG kwenye folda ya paterni na kuonyesha upya orodha, basi. Kwa miaka mingi kasoro yake ilikuwa kwamba athari ukishaiweka imegandia kwenye picha. Toleo la 3.0 la Machi 2025 limeruhusu vichujio kubaki vinarekebishika. Mtaani wataendelea kukuambia GIMP si ya wataalamu. Waulize wao wamelipia nini.

Kwa nini unadharauliwa

Ukimwonyesha kazi yako dizaina aliyesoma, atakunja uso na kukuambia mambo ya embosi yamepitwa na wakati. Atakutajia mwaka 2013, Apple ilipozindua iOS 7 na kufuta ngozi ya kushonwa kwenye kalenda na kitambaa cha kijani cha meza ya kamari kwenye programu ya michezo. Tangu hapo dunia ikawa bapa: rangi moja, herufi nyembamba, nafasi tupu. Sawa. Lakini nafasi tupu mteja wako hailipii. Mama anayefungua duka la vitenge amelipia bango zima, na kila sentimita usiyoijaza anaihesabu kuwa deni. Dhahabu kwake ni heshima, kama inavyokuwa dhahabu kwenye shingo ya biharusi, na sioni kwa nini kijana mwenye kompyuta ndogo aliyepo kwenye mkahawa wa bei mbaya ndiye aamue kuwa heshima ya mama huyo ni ushamba. Ugomvi wangu na dhahabu ni mdogo zaidi: nataka ifanane na dhahabu.

Tena staili za zamani bado zipo. Matoleo ya karibuni, kuanzia lile la 2020, yamezikusanya kwenye kundi la urithi ndani ya menyu ya paneli ya staili, na ukiliita linarudi lote, pamoja na vitufe vya plastiki vilivyopamba vibao vya kafe za intaneti.

Kiwandani

Umemaliza, mteja ameitazama kwenye kioo cha kompyuta na kutabasamu, umetuma faili kwa wachapaji. Kadi zinarudi. Dhahabu imekuwa rangi ya haradali iliyolala. "Mbona kwenye kompyuta ilikuwa inang'aa?" Usimlaumu mchapaji. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga wake. Karatasi inasubiri mwanga wa watu. Mashine ya kawaida ina sayani, majenta, manjano na nyeusi, na kwa wino hizo nne inaweza kuchora picha ya dhahabu lakini haiwezi kung'aa. Ule mng'ao uliouweka kwa hali ya skrini ndio wa kwanza kufa ukibadilisha faili kwenda rangi za uchapaji. Badilisha nakala mwenyewe mapema, uone msiba ukiwa bado na nafasi ya kuongeza weusi kwenye kahawia na kupunguza manjano.

Mteja akisisitiza ing'ae kweli, zipo njia mbili na zote zina gharama. Kuna wino wa metali, kwa mfano Pantone 871, ambao ung'avu wake unatokana na unga wa shaba na zinki. Dhahabu yenyewe haimo. Na kuna karatasi ya dhahabu inayogandamizwa kwa joto, ile ya kadi nzito za mwaliko. Kwa njia hii ya pili mchapaji atakupigia simu kukuomba faili la maandishi peke yake. Utamtumia ile leya yenye staili yako. Atairudisha. Utaongeza mng'ao, utaituma tena. Atairudisha. Anachotaka ni herufi nyeusi kwa asilimia 100, kingo safi, bila gradienti, bila embosi, bila kivuli, bila jua hata moja. Dhahabu ataileta yeye.

Usikate tamaa. Staili unayo bado, ilimradi uliihamisha. Photoshop huziandika priseti zako kwenye diski inapofungwa vizuri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zile ulizotengeneza leo huenda zikaondoka nao. Kwa hiyo zichague kwenye paneli, uzitoe kama faili la ASL, uliweke kwenye flashi na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Paterni iliyo ndani ya staili inasafiri pamoja nayo, hata ile korosho. Baada ya siku chache rafiki wa rafiki atakuomba faili hilo, utampa, na mwezi ujao utaona bango la mshindani wako lina dhahabu ileile, imebofywa kwenye herufi za ukubwa usiofaa, stroku imekuwa uzi.

Na Jumamosi jioni, ukiwa unafunga, mteja wa bango la mkesha atarudi. Tarehe imesogezwa mbele, na Mama Mchungaji anaonelea dhahabu ibadilike iwe buluu ya kifalme. Kama ulihifadhi PSD yenye leya zake, ni suala la kufungua gradienti na kubadilisha rangi nne. Chaji kamili na uonekane umechoka. Kama uliunganisha leya zote na kubaki na JPEG, mwambie mashine imeingia virusi, arudi Jumatatu.